Juti Isiyokauka

Gaziantep, Uturuki
9 Juni 1998

Mama Shefali,

Nimefika, nina afya, na viatu alivyoniazima kaka Hasmot bado vinanibana. Usiwaambie watu kwamba kwenye ndege nilishika kiti kwa mikono miwili. Waambie nililala fofofo.

Mji huu ni wa mazulia. Kiwandani mitambo inafuma mchana na usiku, na mgongoni mwa kila zulia, pale pasipoonekana, kuna uzi wa juti, ile ile ya kutengenezea magunia. Juti yetu! Miaka yote hii tunawauzia wachuuzi wa mashua, wao wanauza Narayanganj, Narayanganj wanamuuzia Mzungu wa sijui wapi, na Mzungu ndiye anayewauzia hawa. Sasa wakubwa wa nchi nane za Kiislamu wamekaa pamoja wakasema tuuziane wenyewe kwa wenyewe. Ulidhani ni maneno ya redioni tu, sivyo? Mimi hapa, mwalimu wa shule ya msingi ya Baniakhali, nimekaa kwenye kiti cha ngozi mbele ya meneja, Bwana Cevat, kwa niaba ya chama chetu cha wakulima.

Aliniuliza jambo moja tu. "Mwalimu, juti yenu itakuja kavu?" Mkalimani alipomaliza kunitafsiria, chumba kizima kilikuwa kinaniangalia. Amesema shehena tatu zikifika kavu, atatuletea mitambo ya kusokota nyuzi, ifungwe hapo hapo Baniakhali, kwenye lile ghala kuukuu karibu na mto. Hebu fikiria. Vijana wetu waache kukimbilia Ghuba kubeba zege, wasokote uzi nyumbani na jioni warudi kula kwao. Nikaweka mkono kifuani nikasema itakuja kavu. Ndiyo kazi yangu hapa: nayapokea marobota, nayakagua, na naweka jina langu.

Kwa hiyo waambie kina mama uani, na kaka awaambie wanaume, ndoo zikae mbali na juti. Najua tulivyozoea. Mchuuzi anatupunja kwenye mizani, nasi tunaimwagia juti maji kabla hajafika ili ipate uzito. Yeye anajua, sisi tunajua, na bei inapangwa kwa kujua huko. Baba yangu alifanya hivyo na baba yako pia. Lakini hapa hakuna mchuuzi wa kumkomoa. Hawa ni watu wanaotuamini, na sijazoea kuaminiwa na matajiri, inanitisha kidogo.

Nimepewa chumba kizuri, kina dirisha. Wanakula mkate kwa kila kitu, mpaka wali wanaulia mkate. Samaki sijaona hata mwiba. Chai yao haina maziwa, wanakunywa kavu kama wagonjwa, tena siku nzima.

Mwambie Shefali baba yake anaona milima kutoka kitandani.

Baba Shefali


Baniakhali, Faridpur
14 Julai 1998

Baba Shefali,

Barua yako imesomwa nyumba nzima na majirani wakaja kuisoma tena. Mama yako ameuliza kama hao Waturuki wana mchele wa kukuuzia au akutumie. Nimemwambia una kiti cha ngozi, akasema ngozi hailiwi.

Kaka yako mkubwa, kama mwenyekiti wa chama, alisimama msikitini Ijumaa akawaapisha wanaume wote: hakuna tone la maji kwenye juti msimu huu. Wakaitikia kwa sauti moja. Jumamosi mke wa Kuddus akaonekana anapita na ndoo kuelekea ghalani kwao. Akaulizwa unakwenda wapi, akasema anamwagilia maboga. Na mvua inanyesha! Tukacheka mpaka tukakaa chini. Lakini baadaye sikucheka. Hawa watu wamezoea ndoo kama walivyozoea kupumua.

Nilitaka kumwambia kaka yako aweke mtu wa kulinda maghala. Unajua mambo yetu, mke hasemi uso kwa uso na kaka mkubwa wa mumewe. Nikavuta kitambaa mpaka puani, nikasimama nyuma ya pazia, nikauambia mwimo wa mlango: "Ingefaa pawe na mlinzi." Yeye yuko hatua mbili tu, anasikia kila neno, naye akaugeukia ukuta akasema: "Nyumba hii ina watu wenye wasiwasi." Basi, mwimo na ukuta wakamaliza mazungumzo yao.

Mto umejaa mapema. Juti iko juu, nzuri, imenizidi urefu. Tuombee tu maji yasipande kabla hatujakata.

Uvae sweta, huko kwenye milima.

Mama Shefali


Gaziantep
16 Septemba 1998

Mama Shefali,

Tangu ile barua yako ya Julai sijapata nyingine. Kwenye televisheni ya kantini wameonyesha mafuriko ya kwetu. Dhaka watu wanapita mitaani kwa mitumbwi. Niliona paa la bati na mbuzi juu yake, nikasimama na bakuli mkononi nikasema lile ni la kwetu. Si la kwetu, najua, lakini nilisimama tu mpaka habari zikaisha.

Aliyenikalisha ni Nizamettin, mtunza ghala. Ni mjane, mtu mzima kunizidi, ana masharubu kama ya askari wa zamani. Hajui lugha yangu wala mimi yake. Tunasalimiana kwa salamu ya dini, tunaonyeshana kwa vidole, na tunagombana kuhusu maziwa kwenye chai. Siku ile alikata mkate wake katikati, akaweka nusu mbele yangu na zeituni tano, akaketi nami mpaka nikala.

Bwana Cevat naye aliniita. "Mwalimu, kwa msiba huu shehena itakuja kweli? Nikiona haiji nitachukua uzi wa plastiki, watu wananiuzia kila siku." Nikamwambia itakuja. Ningesema nini? Ningesema sijui kama mke wangu yuko hai?

Niandikie hata mstari mmoja. Niandikie maji yalifika wapi.

Baba Shefali


Baniakhali
25 Novemba 1998

Rahela, mdogo wangu,

Nakuandikia wewe huko Khulna kwa sababu hapa sina wa kumwambia.

Maji yalikaa miezi miwili na zaidi. Jiko lilikwenda, choo kilikwenda. Mama mkwe tulimpandisha juu ya kitanda, kitanda tukakipandisha juu ya matofali, na Shefali akalala mapajani pake. Wako hai. Mpunga wote umeoza. Kilichobaki kijijini ni juti tu, maana hiyo tuliikata tukiwa ndani ya maji mpaka shingoni. Kuiloweka ili nyuzi zitoke hakukuwa na shida, kijiji kizima kilikuwa bwawa. Shida ilikuwa kuianika. Wapi? Tulianika kwenye kingo za daraja, kwenye reli ya treni, kwenye mapaa. Jua lilitoka kwa kubahatisha.

Nayo haijakauka, Rahela. Nimeingiza mkono katikati ya robota moja, ukatoka na jasho. Na juu ya ubichi huo watu bado wameimwagia maji! Usiku wa kuamkia kupima, karibu kila nyumba. Nilimkamata mke wa Kuddus safari hii, akaweka ndoo chini akaniambia, "Mama Shefali, wewe mumeo yuko kwenye ndege na viti vya ngozi. Mimi nina watoto wanne na kila kilo ni wali. Nisemee basi." Sikumsemea.

Nikaenda nyuma ya pazia nikauambia mwimo: "Juti ni mbichi, isubiri." Shemeji mkubwa safari hii hakuugeukia ukuta. Akasema kwa sauti ya chini, "Na watu hawa watasubiri wakila nini?" Anakonda, Rahela. Ugawaji wote wa mchele wa msaada uko mikononi mwake, na yeye anakula mara moja. Siwezi kusema ni mtu mbaya.

Sasa nimwandikie mwenzangu ukweli au nisimwandikie? Unamjua. Akijua hataweza kuwatazama wale watu usoni, atasema, na akisema, kijiji kimekufa njaa kwa mdomo wake. Asipojua, wakubwa wa huko watafungua, watakuta mbichi, watagomba na kuirudisha, naye atarudi nyumbani ameona haya bila kosa. Ghala liko mbali naye, ana chumba chake chenye dirisha. Fedheha haijaua mtu.

Nimeamua. Nisamehe kwa kukubebesha.

Dada yako,
Jobeda


Baniakhali
26 Novemba 1998

Baba Shefali,

Sote tupo. Maji yalifika kwenye kitanda yakarudi. Mama anakusalimu, Shefali amepoteza jino la mbele na anakuonyesha pengo.

Barua zako mbili zimefika pamoja, posta ilikuwa chini ya maji. Nimesikitika kwamba ulikaa na hofu hiyo peke yako. Mshukuru huyo Nizamettin, mwambie na zeituni zake nimezipokea.

Shehena imepakiwa jana kwenda bandari ya Chittagong. Kaka yako anasema umwambie Bwana Cevat watu wa Baniakhali wametimiza.

Juti imekauka.

Mama Shefali


Gaziantep
10 Februari 1999

Mama Shefali,

Isome barua hii peke yako, kisha ichome.

Kwanza nikwambie mimi niliyokudanganya, ili nawe upumue. Chumba chenye dirisha ni ghala. Dirisha ni la ghala. Bweni la wafanyakazi lilijaa, wakanipa kitanda kwenye kona karibu na mizani, na sikutaka kaka na wenzake wajue kwamba mwakilishi wao analala kama mlinzi. Milima kweli inaonekana. Sasa ina theluji, na baridi ya hapa inaingia kwenye meno.

Marobota yalifika mwezi uliopita, tukayapanga mpaka dari. Nikafurahi kama mtoto, nikayasoma majina ya vitongoji vyetu kwenye alama moja moja. Wiki ya pili nikaketi nikaegemea robota moja, nikasikia mgongo unapata joto. Mama Shefali, nilivyo mjinga, nilishukuru. Nikajisogeza kama paka kwenye majivu. Nililala hapo siku kadhaa, mgongo kwenye juti ya nyumbani, na ndipo nikaanza kusikia harufu ya bwawa. Nikapenyeza mkono katikati. Joto kama la chai. Na nyuzi za ndani zimekuwa za kahawia, ukivuta zinakatika kama tambi.

Uliniandikia imekauka. Sikuulizi kwa nini uliandika hivyo, nakujua. Nilikasirika siku nzima, nikakusema kwa sauti, bahati nzuri hapa ghalani hakuna anayeelewa. Kisha hasira ikaisha nikaanza kuhesabu nyumba ninazozijua pale kijijini na nani ana nini cha kupika.

Bwana Cevat aliniita jana. "Vipi, Mwalimu, ni kavu?" Nikasema kavu. Nikatia sahihi. Akafurahi, akanipiga bega, akasema sasa andika nyumbani walete ya pili, na mitambo ataanza kuitafuta.

Basi nimepata njia. Kila wafanyakazi wa ghala wakishaondoka nafungua marobota machache, naanika nyuzi kwenye kamba nyuma ya nguzo, naitupa iliyooza, nafunga upya iliyo nzima. Nikiharakisha nitamaliza kabla hawajaanza kuyatumia. Mikono imebabuka kidogo na nakohoa, si kitu. Nizamettin akiona taa inawaka anadhani nasali sala za usiku. Amewatangazia wenzake kwamba mimi ni walii. Mzee mmoja wa kitengo cha rangi ameniomba nimwombee goti lake! Nacheka peke yangu mpaka machozi.

Kaka usimwambie. Ila ya pili, nakusihi, iwe kavu. Sina mikono ya kuanika mbili.

Baba Shefali


Baniakhali
2 Machi 1999

Baba Shefali,

Kama unaisoma hii ukiwa ndani ya ghala, toka kwanza. Isomee nje.

Usifungue robota jingine lolote. Hata moja. Wewe ni mtu wa chaki, hukukulia ghalani kama mimi. Robota lenye joto linajipika lenyewe ndani kwa ndani, halina hewa, ndiyo maana halijawaka. Ukilifungua unalipa hewa. Niliyaona kwa macho Khulna nikiwa msichana, baba alikuwa mlinzi pale, vibarua watatu walifungua robota la moto ndani ya ghala ili waliokoe, likawalipukia, hakutoka hata mmoja. Na wewe unaanika hizo nyuzi kavu kwenye kamba juu ya kichwa chako! Ee Mungu wangu, unalala humo!

Nilidhani uko mbali nayo. Nilidhani kuna ukuta kati yako na juti. Nisingeandika vile, naapa kwa mtoto wetu nisingeandika.

Nenda kwa huyo Bwana Cevat leo hii. Mwambie ni mbichi, mwambie mke wako ni mwongo, mwambie Baniakhali nzima ni wamwaga maji. Atukane anavyotaka. Mitambo yake abaki nayo. Kaka yako nitamkabili mimi. Njaa tumeshaiona na tumeizoea, tutaishi nayo. Mimi nakutaka wewe, sitaki kitu kingine chochote kutoka huko.

Nimemlipa kijana wa posta aipeleke Dhaka kwa mkono ili iwahi.

Toka humo.

Mama Shefali


Gaziantep
21 Machi 1999

Kwa mke wa ndugu yetu Motaleb, shemeji yangu,

Mimi ni Nizamettin, mtunza ghala. Nasema kwa lugha yangu, na imamu wa msikiti wetu anaandika kwa Kiarabu, kwa kuwa ametuambia huko kwenu hakukosekani sheikh wa kukusomea. Natumaini aliyekuletea habari kutoka kwenye chama alifika kabla ya barua hii, nisiwe mimi wa kwanza. Kama ni mimi, nisamehe, keti chini kwanza.

Jumanne, baada ya sala ya alfajiri, nilikuja kufungua geti nikaona moshi kwenye dirisha la ghala. Motaleb alikuwa hai. Alikuwa anasukuma marobota nje kupitia mlango wa uani, alishatoa kama saba, uso mweusi, anakohoa. Nikamkamata koti nikamwambia basi, basi. Alinielewa, neno hilo tumelitumia mara nyingi kwenye chai. Akanitazama, akayatazama yaliyobaki ndani, akachomoa mikono kwenye koti na kurudi. Koti likabaki mkononi mwangu. Mimi ni mtu mnene na moshi ulinitoa mlangoni mara mbili. Tulimpata wazima moto walipofika. Hakuungua, shemeji, nataka ulijue hilo. Ni moshi. Nilimwosha mimi mwenyewe na imamu huyu, na uso wake ulikuwa uso wake.

Tulimzika kabla ya adhuhuri. Kiwanda kizima kilisimama, mitambo ilizimwa, jambo ambalo sijaliona tangu niajiriwe. Wazee walililia jeneza lake kama la mtu wa mji huu.

Sasa kuna jambo linanisumbua, ndilo lililonifanya nimwombe imamu aandike. Polisi wameandika ni sigara. Nikasema hapana, mtu huyu hakuvuta sigara hata siku moja. Bwana Cevat akaniita ofisini akafunga mlango. Akasema, "Nizamettin, nyamaza. Ikiwa ni sigara, kosa ni la marehemu mmoja na limekwisha naye. Ikiwa ni kitu kingine, bima itauliza, serikali kule Ankara itauliza, na biashara na wale maskini inakufa. Unadhani marehemu angetaka nini?" Hakusema kwa ubaya, shemeji. Alikuwa na machozi.

Lakini mimi niliyagusa yale saba yaliyotoka nje. Yalikaa uani, theluji inayeyuka juu yake na pembeni bado iko. Mimi ni mtu wa pamba na sufu, juti tulizoea kuipata ikiwa uzi tayari, hii ya marobota siijui. Ndivyo ilivyo juti? Hutoa joto? Shehena yenu ya pili inakuja na nitaipanga kwenye ghala jipya, na vijana wawili wamepewa bweni juu yake. Niambie.

Barua yako ilifika tarehe kumi na tisa. Iko ndani ya hii, haikufunguliwa.

Nizamettin


Faridpur mjini
12 Aprili 1999

Ndugu Nizamettin,

Barua hii ameiandika mwalimu wa madrasa ya wasichana hapa mjini, mtu asiyenijua wala kukijua kijiji chetu. Yako nilisomewa na sheikh wa kijijini. Alipofika kwenye swali lako kuhusu joto alisita, akasema mwandiko haueleweki. Nikaichukua barua nikaondoka nayo. Mwalimu huyu amelisoma bila taabu.

Nakushukuru kwa kumwosha. Hilo sina la kulilipia, wala sitajaribu.

Swali lako. Hapana, juti haitoi joto. Juti kavu ni baridi kama kitambaa chochote. Inatoa joto ikifungwa mbichi. Ile ilifungwa mbichi, na juu yake ikamwagiwa maji ili izidi uzito. Watu wa kijiji changu walifanya hivyo na mimi nilijua, na mimi ndiye niliyemwandikia mume wangu kwamba imekauka. Hakuvuta sigara. Alikuwa anaianika juti yetu kwa siri ili msijue sisi ni watu wa namna gani. Wewe ulidhani anasali.

Kiwanda kilituma barua ya rambirambi na ndani yake oda ya shehena ya pili. Zilisomwa siku moja, pale pale uani kwetu, mikeka ya msiba haijatanduliwa. Watu walilia kwa rambirambi, na oda iliposomwa nikawasikia wanashusha pumzi. Siku chache baadaye walikuwa wanapakia. Nilipita katikati ya marobota nikiwa na nguo ya eda, naingiza mkono kwenye moja baada ya jingine, na hakuna aliyenizuia, walidhani nimechanganyikiwa kwa majonzi. Ni mbichi, ndugu yangu. Nyingi ya hiyo ni mabaki yaleyale ya mafuriko.

Jioni ile kaka wa marehemu, mwenyekiti wetu, alikuja mlangoni. Miaka kumi na mbili niko nyumba ile hajawahi kuniita. Akainua pazia kwa mkono wake mwenyewe akaniambia usoni, "Jobeda, amekufa kwa ajili yetu. Ukisema, utakuwa umemuua mara ya pili, na safari hii bure." Nami nikatoa kitambaa usoni, nikamjibu usoni. Nilimwambia vijana wawili watalala juu yake. Akasema wale si wetu. Kisha akakaa kwenye kizingiti akashika kichwa, na ndani ya nyumba mama yake alikuwa anauliza kama wali umeiva, na wali ule ulitoka kwenye malipo ya shehena ya kwanza.

Sikuweza kuizuia. Meli imeondoka Chittagong wiki iliyopita. Nimekuja hapa mjini, na kabla ya kuandika nilipiga simu kiwandani kwenu kwa namba iliyo kwenye karatasi ya rambirambi. Akapokea mwanamume, akasema kwa lugha yenu, nikasema kwa yangu. Nikapiga kelele maji, maji, moto. Akasubiri kwa adabu. Kisha akasema maneno mawili matatu ya upole na kukata. Nadhani alinielewa kwamba mimi ni mjane.

Mwalimu anasema barua ya haraka inaweza kuitangulia meli. Hana uhakika. Nami najua ikiitangulia, hakutakuwa na shehena ya tatu, wala mitambo, na nikirudi Baniakhali hakuna mlango utakaonifungukia, pengine hata ule niliotokea. Shefali nimekuja naye. Kwa hiyo usinijibu kijijini.

Mwonyeshe Bwana Cevat, mwonyeshe na polisi, jina langu liko chini. Lakini kabla hujafanya hayo yote: makontena yafunguliwe uwanjani, mbali na nyumba. Mtu aingize mkono mpaka katikati ya robota. Akikuta joto, asilifungue, na asilipeleke popote penye paa. Wale vijana wahame bwenini siku hiyo hiyo, hata kama wanasema kuna baridi. Na moto ukitokea, toeni watu. Marobota yaacheni yaungue.

Jobeda Khatun,
mke wa Motaleb